Mwaka Niliopewa Boneti

Kwenye dua ya Hajji Zubeiri kila aliyesimama alisema marehemu alikuwa mtu wa haki, na kila waliposema hivyo mimi niliinamia sahani yangu ya pilau nikatafuta vipande vya nyama. Sikwenda kule kugombana na maiti. Nilikwenda kwa sababu Hajati, mjane wake, alimtuma mtu avuke mpaka aje hadi karakana yangu upande wa Kenya, aniambie kwamba mzee amezikwa na kwamba yeye angependa kuniona, na Hajati sijawahi kumnyima kitu. Nikavaa gauni la heshima, nikajitanda mtandio, nikavuka kwa miguu na kuketi mkekani kati ya wanawake wenzangu. Ng'ambo ya uwanja, karibu na masufuria, nilimwona Athieno akiwapakulia wageni. Amenenepa na anachechemea kidogo, lakini upawa anaushika kama alivyokuwa akishika kitambaa cha nta, kwa ncha za vidole. Hatukuwa tumeonana tangu tukiwa wasichana. Moyo wangu ulifanya jambo ambalo sikuupa ruhusa. Uliruka kwa furaha kwanza, ndipo ukakumbuka.

Ya nyumbani kwetu Dabani nayaacha, hayahusiani na rangi ya gari. Nilifika Busia nikidhani gari halihitaji kitu zaidi ya maji. Wakati huo magari yaliyotumika Japani yalikuwa yameanza kumiminika, yakiendeshwa kutoka bandarini Mombasa na madereva wenye haraka zao, na yalipofika mpakani yalikuwa na vumbi, lami na wadudu waliokaukia usoni mwa gari. Matajiri wa Kampala na Mbale hawakutaka kuyaona katika hali ile. Hapo ndipo Hajji alipopatia riziki yake. Nyuma ya nyumba yake, upande wa Uganda, alikuwa na banda refu la mabati, na humo tuliyaosha, tukayasugua na kuyapaka nta mpaka mwenye gari akija adhani ameletewa jingine. Aliajiri wasichana kwa makusudi. Alisema wavulana wana mikanda ya chuma viunoni na hasira mikononi, na vyote viwili vinakwaruza. Tulikuwa wawili: Athieno, wa Tororo, aliyetangulia miezi michache, na mimi.

Chumba chetu kilikuwa nyuma ya jiko la Hajati. Ukuta uliokitenga na jiko haukufika juu; ulikomea kimo cha mtu, kisha ikabaki nafasi mpaka kwenye mabati, na katika nafasi hiyo kila kitu kilipita, moshi, harufu ya vitunguu, redio, na mazungumzo ya wenye nyumba. Hawakuteremsha sauti. Nadhani waliona kwamba wanaolala upande wa pili ni wasichana wa kazi tu, na msichana wa kazi hana masikio. Basi tulijua ni jirani yupi hapatani na mkewe, ni mtoto yupi wa Hajji anasumbua walimu, na kwamba Hajji mwenyewe, yule bwana mkubwa, alikuwa akiliogopa jino lake bovu kuliko alivyowaogopa polisi. Tulilala kitanda kimoja, Athieno upande wa ukutani, tukijiziba midomo kwa shuka ili kicheko kisivuke. Alinisuka nywele, nikamfulia nguo alipougua. Nilimwita dada, naye aliniita dada, na sikuona kwamba neno hilo lilihitaji kuchunguzwa.

Tulikula na familia, na hilo nalisema kwa sababu si kila nyumba ilifanya hivyo. Asubuhi chai na muhogo wa kuchemsha, mchana ugali na maharage, Ijumaa pilau, wanawake wote kwenye sinia moja. Tabu ilikuwa mkono wangu. Mimi ni wa kushoto tangu kuzaliwa, na katika nyumba ile kupeleka mkono wa kushoto kwenye sinia ilikuwa fedheha. Hajati hakunitukana. Aliushika ule mkono taratibu akaurudisha mapajani mwangu, leo na kesho na keshokutwa, mpaka wa kulia ukajifunza kazi. Hajji aliliona hilo akacheka. Akasema kwenye sinia nile wanavyokula watu, lakini bandani mtu asiuguse mkono wangu wa kushoto, kwa kuwa mkono uliolazimishwa hausikii rangi. Nilimpenda kwa neno lile. Sitajifanya leo kwamba sikumpenda. Hakuna mtu kabla yake aliyekuwa ameutazama mkono wangu akaona kitu cha kutunzwa.

Kusikia rangi ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Tulianza na maji mengi na sabuni, kutoka juu kwenda chini ili mchanga usiburutwe. Kisha mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, kuondoa lami na nta ya zamani. Kisha Hajji anakuvisha mkononi mfuko mwepesi wa nailoni na kukuambia upitishe kiganja mlangoni. Ukiwa umevaa mfuko ule unasikia kila punje ambayo kiganja kitupu hakiisikii. Palipokwaruza ndipo pa kusugua, kwa dawa nzito yenye sura ya uji, kitambaa kikizunguka kwa miduara midogo. Mwisho nta. Siku yangu ya kwanza nilisugua juani, dawa ikakaukia mlangoni ikawa chokaa, nikashinda mchana kutwa naitoa. Siku ya kwanza ya nta niliipaka nene kama siagi kwenye mkate wa mtoto wa mwisho, nikiamini kwamba wingi ndio ulinzi. Hajji aliikwangua kwa ukucha, akanionyesha jinsi ilivyokuwa laini bado ndani, akaniambia nta ni shuka, si blanketi. Vijana wa Tiira, wale waliookota dhahabu mashimoni na kununua gari kabla ya kununua godoro, walitaka ing'ae zaidi ya gari la jirani na walitusimamia kichwani wakituharakisha, na hata hao Hajji aliwafukuza wakanywe chai kwanza. Siku hizi karakana yangu ina taa za kumulika mikwaruzo na mashine inayozunguka yenyewe, na tunapaka ile dawa ya kisasa inayoganda juu ya rangi ikawa ngumu kama kioo. Lakini kila anayeanza kwangu namvisha mfuko wa nailoni kwanza. Wananicheka, na mimi nawaacha wacheke.

Banda lile lilikuwa na desturi yake. Kila mmoja alikuwa na ubavu wake wa gari. Athieno alishika wa dereva, mimi wa abiria, na kila mtu aliulizwa kuhusu ubavu wake tu. Boneti haikuwa ya ubavu wowote. Boneti ndiyo mwenye gari anayoitazama kila siku akiendesha, ndiyo inayoliwa na jua kuliko sehemu nyingine, na kwenye kingo zake rangi ni nyembamba kiasi kwamba ukikandamiza umeshapita upande wa pili. Aliyepewa boneti alikuwa fundi. Zamani Hajji aliifanya mwenyewe, kisha akampa Athieno. Mimi nilingoja. Nilikuwa nikifua nguo nazungusha mkono kwenye karai nikijifanya ni boneti, na Athieno alinitania kwamba nitaitoboa.

Katikati ya mwaka Hajji alitupakia kwenye pikapu twende Tororo kuona kiwanja. Kilikuwa cha mjomba wake Athieno, kando ya barabara, mwamba mkubwa umesimama nyuma yake, na mjomba alikuwa amekubali Hajji ajenge pale banda la pili. Mke wa mjomba alituandalia ugali wa wimbi na mchuzi wa karanga, na Hajji, huku akinawa mikono, akatangaza kwamba mmoja wetu atakuja kulisimamia banda hilo mwaka ukiisha, yule ambaye mkono wake utakuwa umekomaa. Mjomba akacheka, akasema bila shaka ni binti wa hapa. Hajji hakucheka. Alisema mkono ndio utakaoamua. Nilisahau kutafuna. Nilikitaka kile kiwanja kuliko kitu chochote nilichowahi kutaka tangu hapo, na nimetaka mengi. Niliona banda ambalo nitalifungua mimi asubuhi, na chumba changu ambacho kuta zake zinafika juu. Tukirudi, nyuma ya pikapu, Athieno alinipigia kelele sikioni kuushinda upepo, kwamba yeyote atakayepata, mwenzake atakuja kila mwezi kula mchuzi wa karanga. Nikamwamini.

Mwaka ulipokuwa unaelekea ukingoni, ikaja Benzi nyeusi ya Mzee Owor, mfanyabiashara wa pamba wa Tororo. Gari lile ndilo lingekuwa ushahidi wetu. Mzee Owor alijuana na kila mwenye gari kule, na alichokisema yeye ndicho ambacho mji ungesema kuhusu banda jipya. Siku ya kwanza sikuligusa, kwa kuwa Hajati alikuwa na mtoto mgonjwa nikamsindikiza zahanati, tukashinda huko kwenye foleni. Athieno alibaki na gari peke yake. Kesho yake asubuhi alinijia nikiwa nakunywa chai, akachuchumaa mbele yangu, akanifuta makombo ya muhogo kidevuni kwa kidole chake.

“Dada, leo boneti ni yako,” alisema. “Mimi nimekwisha sugua yote, bado kuosha na nta tu. Nimeambia Hajji, amekubali.”

Nilimkumbatia. Nakumbuka nilimkumbatia kwa nguvu mpaka kikombe kikamwagika, naye akacheka akaniambia niende mbio kabla Hajji hajabadili mawazo. Kila nikiikumbuka siku ile, hapa ndipo ninaposimama kwa muda mrefu, kwenye ule uso wake ukicheka. Nimeukagua kama ninavyokagua rangi. Sijawahi kuona ufa.

Mzee Owor alikuja mapema, akaketi kwenye benchi na Hajji, kila mmoja na chupa yake ya soda, wakiangalia. Niliosha kuanzia juu. Nikachukua kitambaa chenye mafuta ya taa, kutoa mabaki ya dawa kabla ya nta, nikaanza kufuta ukingo wa mbele, juu ya taa. Kitambaa kikatoka cheusi, na hilo halikunishtua, rangi nyeusi za zamani hutoa weusi. Lakini weusi huu ulikuwa wa mafuta, ukateleza, na chini yake likafunguka doa la kijivu lenye ukubwa wa kiganja cha mtoto. Kijivu ni rangi ya chini kabisa, ile inayopakwa kabla ya rangi yenyewe. Maana yake mtu alikuwa amesugua pale kwa msasa mpaka akaimaliza rangi yote. Nikanusa kitambaa. Ilikuwa dawa ya viatu, harufu ileile ya Jumapili asubuhi tulipokuwa tukipiga viatu vyetu rangi kwenda misa. Palikuwa na mkwaruzo, Athieno akaufukuza kwa msasa akapitiliza, akaziba kidonda kwa dawa nyeusi ya viatu na nta juu yake, kisha akanipa mimi nifute. Nilielewa yote kwa mara moja, nimesimama pale, mkono hewani.

Mzee Owor alikuwa ameshainuka. Akauliza nini hii, nani amefanya hivi gari yake. Nilimgeukia Athieno. Nilikuwa na hakika atasema.

“Mimi nilimwambia asikandamize kwa ukingo,” alisema, macho yakiwa kwenye ndoo. “Hasikii.”

Hajji alikuja, akainama mpaka pua yake ikakaribia rangi, akaitazama dhidi ya mwanga kwa namna yake ya siku zote, muda mrefu. Alipoinuka alimwambia Mzee Owor kwamba boneti itapigwa rangi upya na amsamehe msichana, bado anajifunza. Mimi akaniambia nikaoshe magurudumu. Nikaenda nikaosha magurudumu. Sikujitetea, kwa kuwa nilidhani kujitetea ni kazi ya Athieno, kwamba jioni tukiwa wawili atalia, ataniambia aliogopa, na kesho atamwendea Hajji. Jioni alikula vizuri. Akalala akiangalia ukuta. Kesho yake akaniazima kitana kama kawaida, nami nikampa.

Hajji alikuwa amekwisha tangaza kwamba ni Athieno atakayekwenda Tororo, nilipoyasikia yale mengine. Ilikuwa alasiri, mvua imekatiza kazi, kichwa kinaniuma, nimejilaza. Jikoni Hajati alikuwa akikata sukuma wiki na Hajji akingoja chai. Hajati akasema yule mtoto, yaani mimi, hakuichoma ile boneti, kama walivyoita kumaliza rangi kwa kusugua; yeye haamini.

“Hakuichoma, najua,” Hajji alijibu. “Alama za msasa zinazunguka kwa mkono wa kulia. Huyu ni wa kushoto.”

Hajati akamuuliza kwa nini basi amemwacha aaibike. Hajji alijibu kwa sauti ya mtu anayeeleza kwa nini amefunga dirisha.

“Kiwanja ni cha mjomba wa yule mwingine. Nikimwaibisha yeye, kiwanja kimekwenda. Nabwire ni mpole. Atalia kidogo, atazoea.”

Kisu cha Hajati kilisimama, halafu kikaendelea kukata. Nilikuwa nikitazama ile nafasi kati ya ukuta na mabati, na sikulia, hata kidogo. Athieno aliniponza kwa woga, na woga naujua, ningeweza siku moja kuusamehe. Lakini huyu aliutazama mkono wangu wa kushoto, ule aliokuwa ameutetea mbele ya sinia, akaona umenitoa hatiani, akanyamaza. Na aliniteua mimi kwa sababu ya upole wangu. Nimejiuliza miaka yote hii kama kuna tusi kubwa zaidi ya hilo. Tangu siku ile upole niliuacha kwenye kitanda kile, na wateja wangu wa Busia watakuambia kwamba sijarudi kuuchukua.

Niliondoka kabla ya mwisho wa wiki. Nilimwambia Hajati naitwa nyumbani, naye hakuuliza nani ameniita. Alinifungia maandazi kwenye gazeti na hakuniangalia usoni. Sikwenda Dabani. Nilivuka, nikaanza kuosha magari kando ya kituo cha mafuta upande wa Kenya, na mengine yote niliyonayo leo yalitokana na ndoo ile.

Sasa, pale kwenye dua, Athieno alikuja mkekani na sahani yake akaketi kando yangu, akichukua muda kukunja mguu mbovu. Tulisalimiana kama watu wa heshima, habari za watoto, habari za kazi. Kisha akaiweka sahani chini.

“Nabwire, uliniokoa,” alisema. “Ulijua, na ukanyamaza kwa ajili yangu. Mimi nakumbuka hiyo kila siku.”

Nilitaka kumwambia kwamba sikunyamaza kwa ajili ya mtu, kwamba nilikuwa nangoja yeye aseme. Lakini alikuwa amekwisha funguka na hakuzibika. Alisema kila Idi alikuja nyumba hii akiapa kwamba leo atamwambia Hajji ukweli, na kila Idi Hajji alimpokea kwa mikono miwili akashindwa. Mjomba wake alipokufa alimwachia kile kiwanja, na yeye akakiandika kwa jina la Hajji, bure, kwa sababu aliona hawezi kumnyima ardhi mtu aliyempa nafasi ya mwenzake. Mpaka leo yuko pale Tororo, anasugua magari, sasa chini ya vijana wa Hajji, na hajawahi kuwadai kitu. Kinachomnyima usingizi ni kwamba mzee amekufa akiamini uongo wake. Akaniomba twende wote kwa Hajati, leo, amweleze.

Nilikuwa na jibu mdomoni, na ningeweza kulimeza. Angekwenda kwa Hajati akajivua nguo mbele ya mwanamke aliyejua kila kitu, na mimi ningekaa nikatazama. Nakiri ladha yake ilikuwa tamu kwa muda.

“Alijua, Athieno,” nikasema. “Aliziona alama za mkono wako siku ileile. Niliwasikia jikoni.”

Alinitazama kana kwamba nimeongea lugha asiyoijua.

“Kabla sijampa kiwanja?”

“Kwa sababu ya kiwanja.”

Hakulia. Aliitazama mikono yake, akaigeuza, viganja juu, vidole vimepinda kwa miaka ya kazi ya mtu mwingine. Nilikuwa nimengoja ujana wangu wote kumwona akilipa, na kumbe alikuwa akilipa muda wote, ila hakunilipa mimi. Nilitafuta furaha ndani yangu sikuipata. Nilipata hasira tu, mbichi, na safari hii ilikuwa ya watu wawili.

Wakati huo mtoto mkubwa wa Hajji alisimama katikati ya uwanja, akashukuru wageni, kisha akasema kama wanavyosema nyumba za Kiislamu, kwamba baba yao alikuwa binadamu, na ikiwa kuna yeyote aliyekosewa naye katika uhai wake, wao kama watoto wanamwombea msamaha, asiondoke na kinyongo. Uwanja mzima ukaitikia kwamba wamemsamehe. Hajati hakuwa akiuangalia uwanja. Alikuwa akituangalia sisi wawili midomo, na hapo nikajua kwa nini alimtuma mtu avuke mpaka. Sikufungua wangu. Athieno hakufungua wake.